Kutoa Ukiwa Juu ya Farasi

Wilf Hepple aliiona karatasi alipokuwa akirudi kutoka dukani na mkate. Ilibandikwa kwenye dirisha la klabu, pale pale wanapobandika matokeo ya bingo. Akasoma jina lake. Akalisoma tena, maana huko Coldlaw jina la mzee likitokea dirishani, mara nyingi mwenyewe huwa ameshazikwa.

Karatasi ilisema hivi: Jumamosi, baada ya maonyesho ya liki, Bwana W. Hepple ataitunuku klabu uzao wa liki za marehemu mkewe, Ettie. Nayo klabu itamtunuku marehemu uanachama wa maisha.

"Wa maisha," Wilf alijisemea. "Hao nao."

Neno lenyewe, hilo la kutunuku, katika Kiingereza chao lilikuwa "bestow". Wilf alilijua kwa sura tu, kama mtu anavyomjua kasisi wa kijiji cha pili: umemwona akipita, hamjawahi kusalimiana. Alilisikia kanisani. Alilisikia redioni, siku watu wanapovalishwa nishani. Kinywani mwake halijawahi kupita. Aliacha shule akaingia mgodini bado hajaota ndevu, na kule chini ya ardhi watu walipeana tumbaku, walipeana chai, walipeana na ngumi, lakini hakuna aliyemtunuku mwenzake kitu.

Tena hakuwa amekubali. Mwezi wa Agosti mwenyekiti wa klabu, Ralph Tulip, aliegemea geti lake akasema, "Itakuwa vizuri zikibaki hapa kijijini, Wilf. Uzao kama ule." Wilf akamjibu, "Tutaona." Na pale Coldlaw kila mtu anajua, tangu mtoto anayejifunza kusema, kwamba "tutaona" maana yake ni hapana.

Mgodi wa Coldlaw ulifungwa zamani. Liki hazikufungwa. Nyuma ya kila nyumba kuna mtaro, na ndani ya mtaro kuna liki, jamaa ya kitunguu, shina jeupe nene kama mkono wa mwashi. Haziliwi hovyo. Zinanyweshwa, zinafunikwa, zinasemeshwa, na Septemba zinapelekwa kwa majaji. Kila mkulima ana uzao wake. Ukitaka liki yako isipotee, huli ile bora. Unaikata juu, unabakiza kitako na mizizi, unakipanda tena. Kiangazi kinachofuata inatoa ua kubwa la mviringo, unalinyoa ua lile kama kichwa cha mtoto, na badala ya mbegu yanachipua majani madogo kama nyasi. Hao ndio watoto, damu moja na mama yao. Uzao huo hauuzwi. Unapewa na baba yako, basi.

Baba yake Ettie hakuwa na mtoto wa kiume. Alimpa Ettie.

Ettie akiwa bibi arusi mpya alibeba liki zake mbili hadi klabuni. Mwenyekiti wa siku hizo alikuwa baba yake Ralph. Alimpokea kwa adabu, akavua kofia, akamwambia kwamba wanawake wanahusika na mapai. Ettie akarudi nyumbani, akazitupa liki mezani mbele ya mumewe, akasema, "Zipeleke wewe. Kumbe zinataka suruali."

Basi miaka mingi liki za Ettie zilishinda kwa jina la Wilf. Yeye ndiye aliyepanda jukwaani, Ettie akikaa chini na pai yake, anatafuna huku anamwangalia. Wote walijua. Wanaume walimpigia kelele, "Wilf! Unazilisha nini hizo?" Naye alijibu, "Mwulizeni bosi wangu, yule pale mwenye pai." Ukumbi mzima ukacheka, na Ettie naye akacheka. Lakini sheria ilipobadilishwa na wanawake wakaruhusiwa, Ettie hakuandika jina lake hata mara moja. Wala hakumpa mtu uzao wake. Waliomba, walibembeleza, mmoja alileta nusu kondoo. Ettie akaipokea nusu kondoo, akaipika, akamwalika mwenyewe aje kula. Liki hakupata.

"Siku nikiondoka mimi, na zenyewe ziondoke," alikuwa akisema. "Zitieni chunguni. Nitazila nikiwa huko."

Aliondoka mwezi wa Mei. Liki zilikuwa na unene wa kidole. Wilf, ambaye hakuwahi kujua zaidi ya kubeba ndoo, aliendelea kubeba ndoo. Si kwamba aliamua. Asubuhi aliamka, upande wa pili wa kitanda umelala sawa, akashuka na hakujua mikono yake aiweke wapi. Akaiweka kwenye ndoo. Nyingine zilioza kwa maji mengi. Zilibaki tatu: mbili ndugu mapacha, na moja yenye shingo iliyopinda.

Ralph alizitaka kwa klabu. Ettie alizitaka kwa chungu. Wilf hakutaka ziende popote. Nyumba nzima ilikuwa imejaa vitu vya Ettie, koti lake, miwani yake, viatu vyake vya mtaroni, lakini hivyo vyote vilikuwa vimesimama. Liki peke yake ndizo zilikuwa bado zinakua.

Hakwenda nyumbani na mkate. Alikwenda kwa Winnie Snaith, katibu wa klabu, aliyeandika matangazo yote ya dirishani. Alimkuta anapiga pasi vitambaa vya meza vya maonyesho.

"Winnie, umeniandika dirishani."

"Nimekuandika vizuri, au nimekuandika vibaya?"

"Hilo neno."

"Lipi? Ah, hilo! Zuri, siyo? Lina heshima. Ni kutoa tu, Wilf, lakini kutoa kulikovaa tai."

"Si ungeandika kutoa."

"Kutoa? 'Bwana Hepple atatoa'? Watu watadhani unatoa takataka."

Wilf akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Hebu nieleze. Linatumikaje?"

Winnie akasimamisha pasi. Alipenda kuulizwa. "Mfalme humtunuku mtu nishani. Chuo kinamtunuku mtu shahada. Kasisi naye, baraka. Hata sifa unaweza kumtunuku mtu, hata busu, kama una maringo. Lakini huwezi kumtunuku mtu sandwichi. Wala soksi."

"Kwa hiyo lazima kitu kiwe kikubwa."

"Kitu kiwe kikubwa, au anayetoa awe mkubwa. Kinakuwa kama kinashuka. Kutoka huku," akaonyesha kabati, "kuja huku," akaonyesha paka.

"Na ukitaka kumpa aliye juu yako?"

Winnie akafikiri. "Hapo hulitumii. Hapo unamletea tu."

"Basi ni kutoa ukiwa juu ya farasi."

"Wilf Hepple, umekunywa?"

"Chai. Sasa niambie. Klabu inamtunuku Ettie, klabu iko juu ya farasi. Mimi naitunuku klabu, na mimi mmenipandisha farasi. Farasi wawili. Ettie wangu yuko wapi?"

Winnie akatazama kitambaa. "Ralph ndiye aliyeniambia niandike. Alisema mmeshaongea, umekubali."

"Nilimwambia tutaona."

"Mungu wangu," Winnie akasema taratibu, akaketi. Yeye naye ni mzaliwa wa Coldlaw. "Niibandue?"

Ettie angekwisha kuibandua mwenyewe, pamoja na kipande cha dirisha. Wilf hakuwa Ettie. "Wameshaisoma," alisema. "Iache."

Njiani alikuwa akiwaza jinsi mkewe alivyokuwa akitoa. Maana hakuwa mchoyo, usije ukamdhania hivyo. Nyumba yenye mgonjwa, Ettie alioka pai, akaiweka mlangoni, akabisha, akakimbia. Alikimbia hata magoti yalipokwisha, akajificha nyuma ya pipa la taka la jirani, mwanamke mzima, anahema kama ng'ombe. Ukimkamata na kumshukuru alikasirika. "Nilioka nyingi mno," alisema. "Zingeoza." Alimvua Wilf koti siku moja barabarani akampa mtu wa kuzibua mifereji, akasema lilikuwa linambana Wilf. Halikuwa linambana. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ettie hakuujua msemo huo, ila angeongeza: na miguu ya kukimbilia.

Sasa mtu wa namna hiyo amekataa kutoa nyasi za liki. Wilf hakuwahi kumwuliza kwa nini. Hakukuwa na haja. Aliona uso wake siku ile aliporudi kutoka klabuni, liki zikiwa mikononi.

Jumamosi asubuhi alichimbua zile mbili zinazofanana. Ile yenye shingo iliyopinda aliiacha, maana majaji wanataka jozi. Akaziosha kwenye beseni la kuogea kwa maziwa na kitambaa laini, kama alivyomwona Ettie akifanya. Akazifunga kwa taulo lenye maji, akazilaza kwenye kigari cha mtoto ambacho hakijapakia mtoto tangu binti yao aolewe Kanada, akakisukuma hadi klabuni.

"Hongera, Wilf!" wakamlaki mlangoni. "Kafanana na nani?"

"Na mama yake."

"Afadhali!"

Majaji walizipima. Zikawa za pili. Za kwanza zilikuwa za Ralph. Za mwisho kabisa zilikuwa za Janine Raine, jirani yake Wilf, dereva wa basi, mwanamke wa makamo ambaye ndio kwanza alikuwa ameandika jina lake mwaka huu. Wanaume walizizunguka liki zake na glasi zao za bia.

"Janine, mpenzi, umekosea ukumbi. Maua ni kule kanisani."

"Chekeni tu," Janine akawajibu. "Jumatatu mtapanda basi langu. Nitawashusha kwenye matope."

Kisha Ralph akachukua kipaza sauti. Alisema maneno mazuri, na Wilf hakuona hata moja la uongo. Alisema Ettie alikuwa na mkono wa pekee. Alisema klabu inaona fahari kumtunuku uanachama wa maisha. Akampa Wilf cheti kwenye fremu, jina la Ettie limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Watu wakapiga makofi. Ralph akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe sasa, Wilf." Akanyoosha mikono yote miwili.

Wilf alikuwa amejiandalia neno. Lilikuwa fupi, hapana, na alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Lakini makofi hayakunyamaza. Walikuwa wanampigia makofi kwa kitu ambacho hakijatoka mkononi mwake. Akawatazama. Nusu yao alikuwa ameshuka nao mgodini. Walikuwa na macho ya watoto wanaosubiri keki ikatwe. Na yeye alikuwa peke yake juu pale, na chini, mahali pa Ettie na pai yake, alikaa mtu mwingine.

"Haya," alisema. "Chukueni."

Ralph akazibeba kama kombe, akaziweka kwenye meza ya klabu, na kadi juu yake. Wilf akarudi nyumbani na kigari kitupu na fremu. Fremu akaigeuza uso kwa ukuta. Akakaa mkabala na kiti cha Ettie.

"Nimezitoa," alikiambia kiti.

Alijua Ettie angemwita nini. Angemwita bwege, kisha angemwekea chai. Chai ilikuwa haipo.

Asubuhi ya Jumapili alivaa koti na kwenda kuzidai. Alikuwa ameamua. Angesema amekosea, angeaibika, angezibeba kwapani, akazitie chunguni kwake kama alivyoagizwa. Aibu ya mzee haina urefu. Lakini kabla hajapinda kona ya klabu, harufu ilimpokea. Harufu ya liki, siagi na viazi.

Siku inayofuata maonyesho, Coldlaw hupika supu ya wazee. Imekuwa hivyo tangu enzi za mababu. Wakulima huja mapema kuchukua vitako vyao vya kupanda, na vyote vinavyobaki ukumbini vinakatwa na kuingia chunguni, wazee wanakaa kwenye meza ndefu na vijiko vyao. Anayepika ni Doreen Gott, na Doreen si mtu wa kuuliza maswali.

Wilf alipofungua mlango wa jiko alimkuta Ralph amesimama katikati, kofia mkononi, uso mweupe kama sahani.

"Mizizi, Doreen!" Ralph alikuwa akisema. "Vitako! Umeviweka wapi vitako?"

"Nimewapa kuku wa dada yangu."

"Kuku!"

"Wanapenda."

"Zile zilikuwa za Ettie Hepple! Hakuna nyingine duniani!"

"Zilikuwa kwenye meza ya klabu," Doreen akasema, na mwiko wake ukaendelea kuzunguka, "na kadi ya klabu juu yake. Cha klabu kinaingia chunguni. Wewe mwenyewe mwaka jana ulinigombeza kwa kuacha karoti."

"Ulipaswa kuuliza!"

"Nimwulize nani? Dirishani mmeandika klabu imetunukiwa. Sasa klabu ndiyo nani, Ralph? Ni wewe? Mimi nikasema, klabu si ndiyo hawa wazee waliokaa na vijiko? Kwa hiyo nimewapa."

Wilf akajiziba uso kwa mikono, mabega yakimtikisika. Ralph alidhani analia, akamshika bega. "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Nimekuharibia." Lakini Wilf alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika ukingo wa sinki, kicheko kilichokaa ndani tangu Mei na kupata kutu, kikatoka kwa mlio mbaya.

"Nipe bakuli, Doreen," alisema alipoweza.

Akaenda kukaa mwisho wa meza ndefu. Supu ilikuwa tamu. Hakuwahi kuionja liki ya maonyesho ya Ettie, maana hakuna anayekula liki ya maonyesho. Zilizoliwa nyumbani zilikuwa zile mbovu. Akala taratibu. Ralph alikuja na bakuli lake akakaa mbele yake, lakini kijiko hakukigusa.

"Baba yangu ndiye aliyemfukuza mlangoni," Ralph alisema.

"Hakumfukuza. Alivua kofia."

"Unajua ninachosema."

"Najua. Niliziona liki zikirudi."

"Nilidhani ile fremu…" Ralph akaacha hapo.

"Fremu nzuri. Wino mzuri."

"Lakini?"

Wilf hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache yalikuwa yamepungua tangu Mei. Aliyatafuta ndani ya supu.

"Uanachama ulikuwa wake, Ralph. Tangu siku ile. Kitu cha mtu huwezi kumtunuku. Unamrudishia. Na anayerudisha anakuja kwa miguu, anabisha mlango wa nyuma, anasema tulikosea. Ungefanya hivyo akiwa hai angekutukana nusu saa. Halafu angekupa pai."

Ralph aliinamisha kichwa. Mvuke wa supu ulikuwa unampanda usoni. "Sasa nimwambie nani?"

Wilf akamsogezea chumvi. Wakala. Bakuli lilipokuwa linakaribia mwisho, Ralph akauliza bila kumtazama, "Na zimekwisha zote? Hakuna hata moja iliyobaki?"

"Tutaona," Wilf alisema.

Ralph akaitikia kwa kichwa. Safari hii alielewa.

Kwa hiyo ilibaki moja, na hakuna aliyeijua ila Wilf. Usiku hakuisumbukia. Lakini Jumatatu alipoteka maji ya chai alijikuta ameteka sufuria nzima, akaiweka jikoni, akachukua kisu. Neno la marehemu ni neno. Mbili zimeshaingia chunguni bila hiari yake. Ya tatu ataitia kwa hiari. Alitoka nje haraka, kama mtu anayekwenda kung'oa jino.

Liki ilikuwa imesimama peke yake kwenye mtaro, shingo imepinda upande wa nyumba. Mikono ya Wilf siku hizi haikutulia hata kwa kijiko. Akapiga magoti, akafukua, akaitoa. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Akakaa nayo mapajani kwenye udongo wenye maji.

Upande wa pili wa ua aliisikia sauti ya koleo. Janine alikuwa ndani ya mtaro wake hadi mapajani, bado na sare ya basi.

"Janine. Maonyesho yalikwisha juzi."

"Najua. Nilikuwa wa mwisho, hukuniona?" Aliendelea kuchimba. "Nachimba wa mwakani. Usinicheke, mzee. Ettie angenicheka."

"Angesema nini?"

"Angesema napanda vitunguu vya saladi. Kila asubuhi alikuwa anasimama hapo hapo ulipo. 'Janine, hivyo ni vitunguu au ni kope za paka?' Mdomo ule!" Akafuta jasho kwa mkono wenye udongo. "Aprili aliniuliza, maji yanasimama chini ya mtaro wako? Nikasema ndiyo. Akasema, basi chimba mpaka uchoke, halafu chimba tena, mjinga wewe, zinazama miguu. Na usizipe mbolea ya farasi kabla ya Juni."

Wilf akainua kichwa. "Alikuambia hivyo?"

"Kwa matusi."

"Mimi hakuniambia la Juni."

"Hukumwuliza labda."

Hakumwuliza, kweli. Alibeba ndoo tu. Akageuza kisu mkononi. Ushauri si liki. Mtu anaweza kukupa ushauri kwa sababu hawezi kuvumilia kuona kazi mbaya, na Ettie hakuweza kuvumilia. Huenda lilikuwa hilo tu. Wilf hakuwa na njia ya kujua, na hakutaka kujidanganya kwamba anajua. Alichojua ni kwamba mkewe alikwenda na liki mlangoni mwa wanaume, na hata wanawake walipofunguliwa mlango, hakuna mwanamke wa Coldlaw aliyesimama tena pale hadi huyu, naye wakamcheka, na leo yuko ndani ya shimo na sare ya kazi.

Ettie alisema chunguni. Haya. Wilf akailaza liki kwenye ubao, akapima kwa vidole, akakata. Kisu kilikuwa chake Ettie na kilijua njia. Sehemu ya juu, shingo iliyopinda na nusu ya weupe, akaiweka kando kwa ajili ya sufuria. Kikabaki kitako cha urefu wa kidole, na mizizi yake imening'inia kama ndevu zilizolowa.

Akasimama kwa kushika ua, akakipitisha juu.

"Shika. Nina mikono mibovu."

Janine akapanda nje ya mtaro. Akakitazama, hakukigusa. "Nini hicho?"

"Unajua ni nini."

"Wilf. Watu walisema zimeliwa."

"Zimeliwa. Hiki ndicho kilichobaki. Usikiache kwenye jua. Ukipande kwenye chungu cha maua leo, sio kesho, na baridi ikija kiingize ndani."

Janine alijifuta mikono kwenye sare, akaifuta tena, akakipokea kwa mikono yote miwili. Akafungua mdomo, na Wilf aliona shukrani inakuja, akainua kisu.

"Usianze."

"Sijasema kitu!"

"Ulikuwa unataka."

"Klabu watasema nini?"

"Klabu wameshakula yao."

Janine akacheka, akapenga kamasi kwa mkono wa sare. Akakigeuza kitako, akakagua mizizi kwa jicho la mtu ambaye tayari anaanza kuogopa kukiua. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi sasa, "Zikiota. Nikizipeleka kule, kwenye kadi niandike jina gani? Niandike la Ettie?"

Wilf akafuta udongo wa kisu kwenye suruali, upande mmoja kisha wa pili.

"Andika lako," alisema. "Lile lako lote, usifupishe."

Jikoni sufuria ilikuwa imeanza kurusha kifuniko. Wilf akaokota kile kipande cha juu, akakikung'uta udongo, akaingia ndani kabla maji hayajamwagika juu ya moto.